Jinsi ya Kufasili Ugonjwa wa Figo wa Virusi vya BK katika Utafiti wa Tiba

Kabla ya kumwandikisha mgonjwa wa kwanza, itifaki ya utafiti itamke wazi ni nani atakayehesabiwa kuwa na ugonjwa wa figo utokanao na virusi vya BK, ambao huwapata hasa waliopandikizwa figo, kwa kuwa virusi hivi, vilivyogunduliwa London mwaka 1971 katika mkojo wa mgonjwa wa Sudan aliyepandikizwa figo, vimo mwilini mwa watu wazima wengi bila kuwadhuru.

Virusi vikionekana kwenye mkojo pekee, hilo ni onyo tu. Plazima, yaani majimaji ya damu, ikiwa na zaidi ya nakala 10,000 za virusi kwa mililita, andika kwamba ugonjwa unakisiwa. Neno "umethibitishwa" libaki kwa biopsi peke yake, yaani kipande kidogo cha figo kinachochunguzwa kwa hadubini. Taka pia kipimo cha pili baada ya wiki mbili au tatu, na sampuli zote zipimwe katika maabara moja, maana vipimo vya PCR, vinavyohesabu nakala za virusi, hutofautiana mno.

Biopsi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Virusi hushambulia figo kwa madoadoa, hasa kwenye medula (sehemu ya ndani ya figo), kwa hiyo vichukuliwe vipande viwili, na walau kimoja kifike huko. Mtaalamu wa patholojia apake kingamwili dhidi ya antijeni kubwa ya T ya SV40 (protini ya virusi vya jamii moja na BK, ambayo kingamwili yake hunasa BK pia), kisha atafute viini vya seli za mirija vilivyogeuka kahawia. Bila hatua hii uvimbe wa tishu hudhaniwa kwa urahisi kuwa mwili unaikataa figo, na kosa hilo ni zito: anayeikataa figo huongezewa dawa za kushusha kinga, ilhali mwenye virusi hupunguziwa. Biopsi isipoonyesha kitu huku damu ina virusi vingi, mgonjwa abaki katika kundi la wanaokisiwa, asihamishiwe kwa wasio na ugonjwa.

Kupanda kwa kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi, kusiwe sharti la kuingia, kwani mwanzoni mwa ugonjwa mara nyingi haibadiliki, na huo ndio wakati ambao tiba ingeweza kuokoa figo. Kwa waliothibitishwa, tumia madaraja matatu ya Banff (mfumo wa kimataifa wa kusoma biopsi za figo zilizopandikizwa) ya mwaka 2018, yanayopima kiasi cha mirija yenye virusi pamoja na makovu. Hatimaye, usiunganishe waliokisiwa na waliothibitishwa kuwa tokeo moja: dawa inaweza kusafisha damu na figo ikaendelea kuharibika.