Wanne, kamba moja: Owl Rock mchana, Delicate Arch machweo

Nilijifunza kupanda mawe Lukenya, nje kidogo ya Nairobi. Jiwe la Lukenya ni gumu: ukishika, umeshika. Nilipohamia Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, na kufika kwa mara ya kwanza Hifadhi ya Taifa ya Arches, mwendo wa kama saa nne kwa gari, nilipapasa ukuta mwekundu, mkono ukarudi na mchanga. Nikajua hapa naanza upya.

Tangu siku hiyo tumeshakwenda mara kadhaa tukiwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji na jirani yetu Mkongomani wa Bukavu. Mchana tunapanda Owl Rock, mnara wa jiwe, kwa kamba, jioni tunatembea hadi Delicate Arch, tao la jiwe, kuona jua likizama. Mwongozo huu ni wa kundi ambalo angalau mmoja wao anajua kutangulia na kamba na kuweka vifaa vya kubana kwenye ufa. Kama hamna mtu huyo, rukeni hatua ya 2 na ya 4. Matembezi peke yake yanatosha kabisa kuwa safari.

Hatua ya 1: Anza kuhesabu kwenye machweo

Usipange kwa kujiuliza mtaondoka saa ngapi. Tafuta kwanza saa ya jua kuzama, kisha rudi nyuma. Katikati ya Oktoba jua huzama pale karibu saa 12 na dakika 40 jioni (simu itakuonyesha 18:40). Rangi nzuri kwenye tao huja katika saa ile ya mwisho, kwa hiyo saa 11 na dakika 40 muwe mmeshakaa. Kupanda kilima huchukua saa moja, mwenye kupiga picha kila hatua mwongezee nusu saa. Kwa hiyo kuanza kutembea ni saa 10 na dakika 10. Kutoka Owl Rock hadi mwanzo wa njia, pamoja na kuhangaika na maegesho yanayojaa jioni, toa dakika 40 nyingine. Maana yake kamba inakunjwa saa 9 na nusu, hata kama kuna mtu hajapanda. Hapo ndipo urafiki hupimwa. Mara ya pili tulimsubiri shemeji amalizie, tukafika kwenye tao tukakuta limeshakuwa la kijivu.

Oktoba naipenda kwa sababu mchana joto ni nyuzi ishirini na kitu tu. Julai linavuka 38, na njia ya Delicate Arch karibu haina kivuli.

Hatua ya 2: Chimba mchanga kabla ya kutoa kamba

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili. Mwamba wa pale ni mchanga ulioshikana, na ukilowa unapoteza nguvu. Ni kama biskuti iliyochovywa chai: kwa macho bado nzima, ukiibana inakatika. Uso wa jiwe hukauka haraka na kukudanganya. Kwa hiyo piga magoti chini ya ukuta, chimba kwa vidole mpaka kina cha kiganja, na ushike mchanga wa chini. Ukiwa baridi na unashikamana, siku hiyo hakuna kupanda. Baada ya mvua nzuri subirini siku moja hadi tatu. Tumewahi kuendesha saa nne, tukachimba, tukarudisha kamba kwenye buti la gari. Jirani alinuna mpaka tulipokula.

Hatua ya 3: Jueni msipande nini

Hifadhi ina matao zaidi ya 2,000, na matao yenyewe hayapandwi. Mwaka 2006 Dean Potter, mpandaji maarufu wa Marekani, alipanda Delicate Arch bila kamba. Kelele zikawa nyingi na kanuni zikakazwa. Balanced Rock pia, lile jiwe lililokalia shingo nyembamba kando ya barabara, ni marufuku. Mimi sioni hasara. Mwaka 1991 kibamba kirefu cha jiwe kiliporomoka kutoka Landscape Arch, na mwaka 2008 Wall Arch likaanguka lote. Haya mawe hayahitaji uzito wetu. Kwenye minara inayoruhusiwa tumieni chaki (unga wa kukausha jasho mikononi) ya rangi ya mwamba, maana nyeupe huacha madoa yanayoonekana kutoka mbali. Kanuni hubadilika, hivyo pitieni kituo cha wageni langoni, na hapo hapo mjaze maji: lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Kwenye mwanzo wa njia ya Delicate Arch maji hayapo.

Hatua ya 4: Owl Rock

Mnara huu uko Garden of Eden, hatua chache kutoka maegesho. Njia ya kawaida ni ya daraja la 5.8 kwa kipimo cha Marekani cha ugumu wa kupanda: ufa unaopanda, na pembeni yake vishimo vikubwa kama mabakuli, vya kushika na kukanyaga. Ni rahisi kuliko unavyoonekana ukiwa chini.

Anayetangulia aweke vifaa vyake ndani ya ufa, pale jiwe lilipo zima, wala si nyuma ya kibamba kinacholia kitupu ukikigonga kwa kiganja. Avute kila kifaa kabla ya kukiamini, kwa sababu kwenye jiwe la mchanga kifaa kinaweza kuteleza kabla ya kushika. Na msikose kofia ngumu, hasa anayeshika kamba chini. Juu kuna minyororo ya kushukia. Wengine wakipanda, kamba ipite kwenye karabina zenu (pete za chuma zenye kilango), msisuguise minyororo ya watu wote. Sisi hubeba kamba ya mita 70, na kila mwisho wake unafungwa fundo kabla ya mtu kushuka.

Kubalianeni maneno. Sisi tunayo mawili tu, “kaza” na “legeza”, kwa sababu yanasikika tofauti hata upepo ukivuma. Jirani ana lake la tatu. Akifika katikati hupiga kelele, “Hii jiwe inakula viatu yangu!” Hilo halina jibu.

Hatua ya 5: Kutembea hadi tao

Ni kilomita 4.8 kwenda na kurudi, na kupanda kama mita 146. Mnaanzia kwenye kibanda cha John Wesley Wolfe, aliyehamia hapa kutoka Ohio mwaka 1898, mnavuka daraja, halafu kuna michoro ya Wayute, wenyeji wa asili, kwenye jiwe. Itazameni bila kuigusa. Kisha njia inapotea na mnapanda mwamba mtupu, mkifuata mirundo midogo ya mawe. Msikate kona kupitia udongo mweusi wenye vinundu: ule ni hai, ndio unaoshikilia jangwa lisipeperuke, na unyayo mmoja hukaa miaka.

Karibu na mwisho kuna ukingo uliochongwa ubavuni mwa jabali, kama mita 180. Mwenye kuogopa urefu atembee upande wa ukuta. Ukikata kona ya mwisho, tao linakutokea lote kwa mara moja, tundu lake likiwa na urefu wa mita 14. Mkae pembeni mwa bakuli la mwamba, maana mkisimama chini ya tao watu mia wenye kamera watawaitia majina.

Hatua ya 6: Kushuka gizani

Taa ya kichwa kwa kila mtu. Ya simu haihesabiki. Wa mbele hasogei mpaka ameona rundo linalofuata. Mimi niliwahi kuridhika na nyayo za watu, nikawapeleka wenzangu kwenye ukingo usio na njia. Tulichofanya ni kusimama, kurudi kwenye rundo la mwisho tulilolijua, na kuanza tena. Mkifika sehemu tambarare zimeni taa dakika tano. Hifadhi hii ilitambuliwa mwaka 2019 kwa giza la anga lake, na Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota, inaonekana kama moshi wa jikoni.

Kwenye gari hesabuni watu, kisha kung'uteni kamba na viatu kabla ya kuvipakia. Mchanga ule ni msasa. Ukilala ndani ya kamba wiki nzima unaila kimyakimya.