Unataka kuchora katuni za siasa? Kalamu iache kwanza

Watu wakijua nachora katuni za siasa, swali la kwanza ni unatumia kalamu gani, au tableti gani. Yoyote tu jamani. Mchoro wenyewe unanichukua saa mbili hivi, ila kutafuta wazo kunakula asubuhi nzima, kwa hiyo anza kusoma habari kila siku, na usiishie kwenye vichwa, soma bajeti, soma ripoti ya mkaguzi, sikiliza bunge hata kama linaboa, humo humo ndo katuni zinapatikana.

Tuseme waziri kawaambia watu wakaze mikanda. Rafu yako ya kwanza, yaani mchoro wa haraka wa kujaribia wazo, itakuwa na watu saba, jengo la wizara na maandishi kila kona, kawaida hiyo, wote tunaanzia hapo. Sasa anza kufuta. Jengo litoke, watu watano watoke, wabaki wawili: mwananchi kakonda, na waziri anauvuta mkanda wa huyo mwananchi mpaka tundu la mwisho huku wa kwake yeye unaning'inia wazi chini ya tumbo. Maneno hayahitajiki tena. Mwonyeshe mtu, mpe sekunde tano, akikuuliza "huyu anafanya nini?" rudi mezani, usianze kumuelezea.

Kwenye sura kuza kitu kimoja tu, nyusi, miwani, anavyosimama. Mwaka 1831 Mfaransa mmoja wa magazeti ya katuni, Charles Philipon, alikuwa mahakamani Paris kwa kosa la kumdhihaki mfalme kwa michoro, akachora uso wa mfalme Louis-Philippe ukigeuka hatua kwa hatua kuwa tunda la pea, kama kuwauliza, sasa mtashtaki na matunda? Walimfunga tu, ila hiyo pea ikaishia kuchorwa kwenye kuta za mji. Kabila la mtu na ulemavu wake usiguse, mcheke kwa alichofanya, na hakikisha kweli alikifanya, maana kesi ya kumchafulia mtu jina haijali kwamba ulikuwa unatania.

Ripoti ya katuni, yaani habari ya kweli inayosimuliwa kwa michoro, ni kazi nyingine kabisa, na mi naona ndo ngumu zaidi. Hapo wewe ni mwandishi wa habari, unaenda eneo la tukio, unahoji, unarekodi. Joe Sacco, mchoraji maarufu wa ripoti za namna hii, alisomea uandishi wa habari kabla ya kujulikana kwa kazi zake za Palestina na Bosnia. Maswali lazima yawe ya mchoraji: mlango unafunguka upande gani, ulivaa nini, taa ilikuwa inawaka? Mi niliwahi kusahau kuuliza, nikamchorea mama mmoja jiko ndani ya nyumba, alipoona akasema hapa sio kwangu, mi napikia nje, nikarudia kurasa nne nzima na dedilaini ilikuwa kesho yake asubuhi.

Hela? Mwanzoni usiache kazi nyingine. Mhariri mtumie rafu tatu, usimtumie moja, akizikataa zote usinune, zihifadhi, wanasiasa wanarudia makosa yale yale. Kabla ya kusaini mkataba angalia haki za mchoro zinabaki kwa nani, na wakiutumia tena kama wanakulipa. Na saini yako iweke ndani kabisa, karibu na mguu wa mtu, ukiiweka pembeni watu wanaikata halafu wanapost kama yao.