Jambia la babu limeota kutu? Weka msasa chini kwanza

Kwa sisi wa Tanga chuma hakikai, upepo wa baharini una chumvi na masika ikiingia nguo zenyewe kabatini zinanuka uvundo, kwahiyo ukichomoa jambia au kitara (upanga uliopinda) cha zamani ukakuta wekundu usishangae. Balaa ni pale mtu anapokimbilia msasa, au anampelekea fundi wa grenda, linarudi linang'aa kama kijiko kipya na nakshi zote zimelika. Hapo thamani ndo basi tena.

Angalia rangi kwanza. Kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni ndo inayokula chuma, hiyo itoke. Ule weusi laini ulioganda ni wa miaka na unasaidia kukinga, uache.

Vaa glovu (jasho la vidole nalo lina chumvi), lilaze juu ya taulo, paka mafuta ya cherehani penye kutu uache mpaka kesho yake. Mafuta ya taa nayo yanafaa ila kaa mbali na jiko. Afu futa kwa kitambaa cha pamba toka mpinini kwenda nchani, kitara vidole vikae upande wa mgongo, ila jambia kwa kawaida lina makali pande zote mbili, kwahiyo lifute likiwa limelala, bapa moja moja, vidole visizunguke ukingoni, makali ya zamani yanakata vilevile. Vigamba vikigoma tafuta ile senti tano ya zamani ya shaba, kwangua polepole mafuta yakiwepo, shaba ni laini kuliko chuma cha jambia kwahiyo inabandua kutu bila kuchora. Stilwaya ya sufuria hapana. Siki na ndimu watu wanasifia sana ila zinakula mpaka chuma kizima, mi sishauri.

Mpini wa pembe au fedha usiuloweshe, kitambaa kikavu kinatosha, na dawa ya meno kwenye fedha inakwaruza.

Ukimaliza paka mafuta kidogo sana, funga kwenye kitambaa kikavu, tia na vile vipakti vya kwenye maboksi ya viatu. Usilirudishe kwenye ala ukalisahau humo, ngozi inavuta unyevu.

Na kama limeng'ang'ania ndani ya ala usilivute kwa nguvu, dondoshea mafuta mdomoni mwa ala usubiri hata siku kadhaa, na ukija kulichomoa usiikumbatie ala kwa kiganja penye makali (kwa jambia ni pande zote mbili), mshono ukishaoza linapasua ngozi na mkono wako humohumo.