SOMO: Kukarabati bafu la nyumbani mke na mume wenyewe, kuanzia kuvunja mpaka kufunga choo (maswali yenu nimejibu chini)

Wadau nianze na hili kabla ya yote: tailizi hazizuii maji. Zinapendeza na zinasafishika ila maji yanapita kwenye mistari ya grauti (ule ujazo wa kati ya tailizi) kidogo kidogo kila siku mnaoga, yanazama kwenye simenti ya chini, na kama huko chini hakuna wotapruf (dawa ya kuzuia maji) yataenda kutokea ukuta wa pili. Sisi huku Tabata ukuta wa chumbani upande wa kabati ulishavimba rangi inabanduka, tulivyovunja tukakuta aliyejenga alibandika tailizi juu ya simenti tupu. Mume wangu Baba Nai anajua kuunga mabomba, mimi macho yangu hayavumilii kitu kimepinda, tukaona tugawane kazi. Fundi tuliyemlipa ni wa umeme tu.

Bafu lenyewe ni mita 1.5 kwa 2.1, choo na kuogea humo humo, saizi ya nyumba nyingi za Dar, kwahiyo hesabu zangu mnaweza kuzitumia.

HATUA YA 1: HESABU
Kuta zote nne ukizunguka unapata mita 7.2. Zidisha kwa urefu wa kwenda juu mita 2.1 unapata 15.12, toa mlango wa 0.7 kwa 2.1, inabaki kama mraba 13.65. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, sema mraba 15. Tailizi ya 30x60 moja ni mraba 0.18, boksi la vipande 8 ni mraba 1.44, hivyo unahitaji maboksi 11. Sakafu ni mraba 3.15, nunua 3.5. Nunueni zote siku moja na muangalie namba ya rangi iliyopigwa kwenye boksi zifanane, maana tailizi ya jina lilelile ya mzigo mwingine inaweza kutofautiana rangi na ukutani itaonekana tu. Za hapa hapa zipo, Goodwill ya Mkuranga na Twyford ya Chalinze, Kariakoo upande wa Gerezani utazikuta pamoja na za nje. Bei siandiki, ya asubuhi na ya jioni hazifanani. Kabla ya kupakia kwenye kirikuu chukua mbili uziwekanishe uso kwa uso, zikicheza katikati ujue zimepinda, omba boksi jingine bila aibu.

HATUA YA 2: KUVUNJA
Funga koki ya simtank na ya DAWASA (maji ya bomba ya mjini), alafu ziba tundu la choo na matambara uliyofunga kwenye mfuko wa plastiki, kifusi kikishaingia kwenye bomba hapo umejitafutia kazi ya wiki. Miwani, glavu na barakoa, usibishane. Tindo na nyundo vinatosha, grainda ni ya kukata mistari tu. Plasta ukiigonga ikalia tupu itoe yote mpaka tofali. Kifusi jazeni viroba nusu nusu vibebeke, na wala usilipe guta kwenda kukitupa kabla hujauliza majirani, mtaani lazima kuna mtu ana dimbwi mbele ya geti anakitafuta.

Kwa wenye bafu moja tu, panga mtaoga wapi kabla ya nyundo ya kwanza. Sisi tulikuwa na choo cha nje cha zamani, tukakisugua.

HATUA YA 3: MABOMBA
Ya maji safi tulitumia PPR, yale ya plastiki yanayoungwa kwa kuyeyusha, ya milimita 20. Mashine ya kuyeyushia unakodi, inafanya kazi kwenye nyuzi 260, bomba na kiungio unavipasha kwa pamoja kama sekunde 5 unaingiza moja kwa moja, usizungushe. Ukizungusha plastiki inajikunja kwa ndani inaziba njia. Kabla ya kufukia fungulia maji yalale usiku mzima, asubuhi pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungio.

Ya maji taka, choo ni PVC ya inchi 4, sakafu ni inchi 2, mteremko wa bomba weka kama sentimita 2 kila mita. Kile kichujio cha sakafuni nunua chenye trapu ya kweli inayobaki na maji kama sentimita 5 ndani muda wote, hayo maji ndo yanazuia harufu na mende. Kuna vile vya bati lenye matundu tu, vinauzwa sana, achana navyo.

HATUA YA 4: MTEREMKO WA SAKAFU
Hapa msikimbizane. Sakafu inatakiwa ishuke sentimita 1.5 mpaka 2 kila mita kuelekea kwenye trapu, kutoka pande zote, na iwe chini ya koridoo angalau sentimita 2. Chora mstari wa usawa ukutani kuzunguka bafu lote kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha, unaujaza maji na usawa wake pande zote mbili ndo mstari wako, ni rahisi na haudanganyi, alafu pima kushuka kutoka kwenye huo mstari. Baba Nai alikuwa anataka tukadirie kwa jicho, nikamwambia jicho lako hilo ndo lilinunua kabati lisiloingia mlangoni.

Simenti moja mchanga mitatu, mchanga uwe umechekechwa. Na maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha chumvi! Dar visima vingi vina chumvi, ile chumvi inakuja kujitokeza kama unga mweupe kwenye plasta na inakula chuma. Tumia ya DAWASA au nunua ya boza. Sakafu ikikauka mwaga ndoo moja uone, maji yakituama mahali rekebisha sasa hivi, gundi ya tailizi sio ya kuziba mashimo.

HATUA YA 5: WOTAPRUF
Tulitumia ile ya unga na maji yake, inachanganywa inapakwa kwa brashi. Lowanisha kidogo kwanza. Kwenye kona zote, za sakafu na ukuta na za ukuta kwa ukuta, na kuzunguka trapu, lalisha kile kitambaa cha wavu ndani ya mkono wa kwanza, maana nyufa huwa zinaanzia kwenye kona. Mkono wa kwanza paka wima, wa pili paka ulalo, ukiacha muda kati yake kama mfuko ulivyoandika. Sehemu ya shawa panda mpaka mita 2, kuta nyingine sentimita 30 zinatosha, ila dawa ikibaki paka tu.

Ikishakauka kabisa ziba trapu, weka kizuizi mlangoni, jaza maji sentimita 2 au 3, weka alama ya penseli ukutani, acha masaa 24. Yakishuka kidogo sana ni ya kukauka na hewa, yakishuka kwa kuonekana, au ukuta wa nje ukapata unyevu, tafuta panapovuja upake tena. Msiruke hii hata kama mgeni anakuja kesho.

HATUA YA 6: TAILIZI
Anza ukutani, na usianze na mstari wa chini kabisa maana sakafu imeteremka. Piga ubao ulionyooka juu ya sakafu kwa pima maji (misumari weka juu ya ule ukanda wa wotapruf wa sentimita 30, na upande wa shawa uegemeze kwa vipande vya tofali usitoboe), panga tailizi juu ya ubao, ule mstari wa chini utaukata mwishoni ukishamaliza sakafu. Kabla ya gundi zipange kavu uone kona zitabaki na kipande cha ukubwa gani, kikitoka chembamba kama vidole viwili sogeza mpangilio wote ugawane pande mbili.

Gundi pakaza kwa mwiko wa meno wa milimita 8 au 10, eneo dogo dogo, joto la huku linaikausha haraka, ukigusa na kidole isiponata kwangua upake upya. Ukitumia gundi usiloweke tailizi, kuloweka ni kwa wanaobandika na simenti. Spesa (vile vya plastiki vya kuachia nafasi kati ya tailizi) za milimita 2. Sakafuni chukua 30x30 yenye uso wa kukwaruza, zile kubwa za 60x60 hazifuati mteremko wa pande nne bila kukatwa vipande na zinateleza mtu akiwa na sabuni.

Kila baada ya chache bandua moja uangalie mgongo wake, gundi iwe imeshika kote. Tailizi yenye utupu nyuma ndo hiyo utaisikia inalia ukigonga na itapasuka ndoo ikidondoka.

HATUA YA 7: GRAUTI NA KUFUNGA VITU
Subiri masaa 24. Grauti isukume kwa mpira ukipita mshazari, futa na sponji lenye unyevu kidogo. Kwenye kona zote usiweke grauti, weka silikoni ya bafuni isiyoota ukungu, kuta zinacheza kidogo na grauti itapasuka hapo. Choo funga kwa boliti na silikoni, shawa na koki zungushia tepu ya uzi (ile nyeupe ya kuzuia kuvuja kwenye nyuzi za bomba), basi.

MASWALI YENU

Kibo_wa_Mbagala: Dada somo tamu. Mi tailizi za zamani ziko imara, naweza bandika juu yake nisivunje?
Jibu: Unaweza, kama ukigonga zote hazilii tupu. Zikwaruze na grainda na utumie gundi iliyoandikwa ni ya kubandikia juu ya tailizi. Ila sakafu itapanda, angalia mlango utafunguka na koridoo haitakuwa chini ya bafu. Na kama sababu yako ni kuvuja umepoteza hela, tatizo liko chini bado.

mama_twins: Mama Nai hongera mpenzi. Fundi wangu kasema grauti ni kupoteza pesa atatumia simenti nyeupe, ni sawa?
Jibu: Itakaa ila inapasuka mapema na kushika weusi, hasa chini kwenye kuogea. Hebu linganisha bei ya grauti ya bafu lote na hela ya tailizi ulizoshanunua, utamjibu mwenyewe.

Shem wa Goba: Shem, nataka ile shawa kubwa ya mvua ya kushuka toka dari, simtank yangu iko juu ya mnara. Itatoka vizuri?
Jibu: Shem pima kutoka usawa wa maji ya tenki mpaka kwenye shawa. Kila mita 1 inakupa presha kama baa 0.1, mita 3 ni 0.3, ile shawa kubwa itakudondoshea tu. Ama uweke pampu ya kusukuma au nunua shawa ndogo ya mkono, kwa maji ya kushuka yenyewe ndo inafaa.

Juma K.: Na shawa ya umeme ya maji moto? Baba Nai kaunga mwenyewe?
Jibu: Hapana, hapo nilikataa. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta karibu ampia 24, inataka waya wake peke yake kutoka kwenye mein switchi, usiwe chini ya milimita 4 za mraba, breka yake, na athi inayofanya kazi kweli. Kile kifaa cha kukata umeme ukivuja usikiache. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji). Sisi tulitayarisha njia ya waya tu, na ukweli Dar unaihitaji mwezi wa sita na wa saba, miezi mingine inapata vumbi.

Ghorofa ya pili: Sisi tuko juu, chini anaishi mtu. Kuna tofauti?
Jibu: Kubwa. Muombe wa chini ruhusa uangalie dari lake kabla hujaanza na upige picha, alafu siku ya kujaza maji ya kupima mwambie aangalie tena. Sakafu msitindue kwa nguvu maana ni zege la wote, na hakikisheni uongozi wa jengo unajua.

Mdau mpya: Bafu letu linanuka hata tukiosha kila siku, chemba haijajaa.
Jibu: Mwaga maji kwenye kile kichujio ambacho hakitumiki sana, mara nyingi trapu imekauka. Harufu ikikata ndo hilo, uwe unamwaga mara kwa mara. Isipokata fungua uangalie, huenda hakuna trapu kabisa, au bomba la hewa la choo halijapandishwa juu ya paa.

Mpangaji Kimara: Nimepanga ila bafu linanitia aibu. Mwenye nyumba kasema nifanye tutakatana kwenye kodi.
Jibu: Andikishaneni kabla hujanunua hata mfuko mmoja: kiasi, miezi mingapi, sahihi, na risiti utunze. Asipotaka kuandika nunua shawa nzuri unayoweza kufungua na kuondoka nayo, sakafu muachie yake.