Somo: Kusoma mabuu wa usubi kwenye tope la maziwa ya Aktiki

Hawa ni usubi wasiouma, jamii ya Chironomidae. Mabuu wao huishi chini ya maji, na kila wanapojivua, gamba la kichwa hubaki topeni. Limeundwa kwa kitini (dutu ngumu ya maganda ya wadudu), halina haraka ya kuoza, hivyo hudumu maelfu ya miaka. Na kila spishi hupenda joto lake. Ndiyo maana tope la maziwa ya kisiwa cha Baffin (Kanada) au ya Svalbard (Norwe), huko Aktiki karibu na Ncha ya Kaskazini, hutueleza joto la kiangazi cha kale.

1. Chota tope kuanzia ufukweni hadi kilindini. Wengi hukimbilia katikati ya ziwa, nami nasisitiza: usianzie huko. Mabuu hawatawanyiki sawasawa. Spishi ya Heterotrissocladius subpilosus hupenda kilindi cha baridi chenye oksijeni ya kutosha. Wa jenasi ya Psectrocladius huonekana zaidi kwenye kina kifupi penye mimea. Usipojua nani anaishi wapi leo, utaona kina cha maji kimebadilika na kudhani ni hali ya hewa.

2. Loweka tope kwenye potasiamu haidroksaidi (kemikali kali ya kulegeza tope) ya asilimia 10, pasha moto hadi nyuzi 70 za Selsiasi hivi, lisichemke. Vaa glavu na miwani.

3. Chekecha kwa chujio la mikromita 90 hadi 100.

4. Chini ya hadubini, okota vichwa kimoja kimoja kwa kibanio, uvilaze kwenye slaidi kidevu kikitazama juu. Utambuzi uko kwenye safu ya meno ya kidevuni: kwa jenasi ya Chironomus, jino la kati lina ncha tatu. Kichwa kilichopasuka katikati kihesabu nusu. Fikisha angalau 50 kwa kila sampuli.

MASWALI

Mwalimu, mbona kilindini nimepata vichwa vya mabuu wa ufukweni?
Mawimbi na tope linaloporomoka huvisukuma, ndugu. Ni vyepesi mno. Linganisha na mabuu hai wa kina hichohicho.

Kwa nini mabuu wa Chironomus ni wekundu?
Wana himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, kwa hiyo huvumilia maji yenye oksijeni haba. Wakizidi ghafla kwenye tabaka fulani, chunguza oksijeni kabla ya kutaja joto.

Huku kwetu inawezekana?
Inawezekana, na imeshafanyika kwenye maziwa ya Ruwenzori na Mlima Kenya. Ila usiazime vipimo vya Aktiki: spishi ni nyingine, na maziwa ya huku hayana majira ya baridi kali.