Steringi wa kike: kabla ya sura yake, kagua vitenzi vyake

Miaka kadhaa nyuma niliandika hadithi ndefu tu, steringi (mhusika mkuu) mwanamke, nikajiona nimemaliza kazi, nikampa rafiki yangu mmoja msomaji kweli kweli aipitie. Akairudisha baada ya siku mbili na swali moja, "sasa huyu dada anataka nini?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Urefu wake naujua, nywele zake nazijua, najua ni mpole ila ukimchokoza utatafuta pa kukimbilia, hadi anavyocheka naweza kukuigizia, lakini anachotaka sikijui. Nikarudi kwenye hadithi nikaanza kukagua vitenzi vyake, yaani kila anapotajwa anafanya nini, nikakuta aibu tupu: alipelekwa, aliambiwa, alifichwa, alitekwa, aliokolewa, akaolewa. Kila kitu -wa, -wa, -wa. Kurasa sitini na ushee dada wa watu hajafanya lolote kwa mkono wake, anabebwa kama mzigo toka ukurasa wa kwanza mpaka harusini (na Kiswahili nacho, hata kwenye harusi yake mwenyewe mwanaume ndo anaoa, yeye anaolewa, ila hiyo tuiache).

Kwa hiyo kama una riwaya au skripti ya muvi na unataka mwanamke atakayekaa kichwani mwa watu, anzia hapo. Shika kalamu, pigia mstari vitenzi vyake vyote, hesabu vya kutenda na vya kutendwa. Kutendwa sio kosa, kila binadamu anatendwa, ila kila akitendwa lazima nione na yeye kafanya nini baada ya hapo, hata kama alichofanya ni cha kijinga.

Halafu jibu lile swali la rafiki yangu. Na usinijibu "anataka furaha" au "anataka kupendwa", nani hataki? Atake kitu ambacho unaweza kukipiga picha: ufunguo wa nyumba aliyofukuzwa, mtoto wake arudi mlangoni, jina lake liandikwe kwenye kazi aliyoifanya yeye na kasifiwa mwingine. Ukishakipata utaona hadithi inaanza kusogea yenyewe, maana sasa kila anayeingia ama anamsogeza karibu na hicho kitu ama anamsimamia mbele.

Sasa kuna hili la nguvu, na hapa ndo naona wengi tunapigwa chenga. Mtu akisikia mwanamke shupavu anamwandikia ngumi. Dada anashusha wanaume sita ukumbini, jasho halimtoki, haogopi chochote, hajui kukosea, halafu tunashangaa mbona watazamaji wamechukua simu zao wanachati. Asiyeogopa hana ushujaa, hana tu habari. Muvi ya Alien ya mwaka 1979, ya wafanyakazi wa chombo cha angani wanaowindwa na dude la ajabu, ni darasa zuri kwenye hili. Waandishi wa skripti ile waliacha maelezo kwamba wahusika wote wanaweza kuchezwa na mwanaume au mwanamke, na steringi wake, Ripley, akaja kuchezwa na mwigizaji Sigourney Weaver. Watu wanakumbuka zaidi akipambana na lile dude mwishoni, lakini mimi nakwambia tumeshamkubali mapema kabisa, pale wenzake wanarudi na mtu aliyeng'ang'aniwa usoni na kiumbe, wanaomba mlango wa chombo ufunguliwe, na yeye anakataa kwa sababu sheria ya karantini inasema hivyo. Nje kuna mwenzao anayeweza kufa, na yeye anasema hapana. Mwingine anafungua mlango, na kila kibaya kinachofuata kinaingilia hapo. Alikua sahihi na hakuna aliyempenda kwa kua sahihi. Na huyo huyo mwanamke wa sheria, wakati wa kukimbia kuokoa roho yake, anamrudia paka. Sheria na paka kwa mtu mmoja, unaona? Hajapigana bado na tayari tunamjua.

Ule ujanja wa kuandika bila kutaja jinsia jaribu kwenye drafti ya kwanza, unasaidia kutoa uzembe. Ila usiishie hapo. Kwenye drafti ya pili rudisha dunia inavyomchukulia kwa sababu ni mwanamke, nani anamkatiza akiongea, nani anamuuliza mumeo yuko wapi, la sivyo utakua umeandika mwanaume ukabadilisha jina tu.

Ngoja nikuoneshe kitu kwa karibu. Tuseme steringi wako ni Zawadi, mhasibu wa kampuni ya meli, sifa yake kubwa ni kwamba hesabu zake hazijawahi kupotea hata senti. Usiku anapekua risiti za kughushi, anakuta sahihi ya mdogo wake. Mimi wa zamani ningeandika hivi:

Zawadi alishtuka mno. Moyo ukamwenda mbio, machozi yakamtoka, hakujua la kufanya. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Daudi. "Usijali," akamwambia, "niachie mimi."

Umeona vitenzi? Moyo unaenda, machozi yanatoka, mlango unafunguliwa, Daudi anaachiwa. Zawadi yuko wapi? Sasa soma hii:

Zawadi akaitazama sahihi mara tatu. Ile G yenye mkia mrefu, yeye ndiye aliyemfundisha kuiandika. Akainuka akafunga mlango kwa ndani. Akaichomoa risiti kwenye faili, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kiatu, chini ya unyayo. Kisha akaketi, akaendelea kuhesabu.

Hakuna mahali nimesema ana uchungu, wala kwamba anampenda mdogo wake, ila umejua. Na kikubwa zaidi, kaamua, na uamuzi umemgharimu kitu chake cha thamani kuliko vyote, ile sifa ya mtu ambaye hesabu zake hazipotei. Kuanzia hapa bosi akimuuliza swali lolote atadanganya, na kila akitembea ile karatasi iko chini ya mguu. Hapo huhitaji kumwambia msomaji amwonee huruma, atakua anakutafuta yeye mwenyewe usiku kuuliza nini kinafuata.

Hii inatuleta kwenye kasoro. Kasoro ya kujikwaa jikwaa na kumwaga chai mbele ya mwanaume mzuri sio kasoro, ni urembo. Kasoro ya kweli inaumiza watu, akiwemo yeye. Rosa wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, sio malaika hata kidogo. Kakulia chini ya ukali wa baba mpaka siku anapopata uhuru hajui anaushikaje, unamponyoka na kumwangusha. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na mpaka leo weka watu wawili waliokisoma waanze kubishana kosa ni la Rosa au la baba yake, hawamalizi. Ndo unachotaka, mwanamke ambaye watu wanamgombania kama vile ni jirani yao. Ila usichukue mkato wa kumbebesha ubakaji au mateso ili tu aonekane ana "historia", kama tukio halibadilishi anavyochagua mambo leo basi umemtesa bure.

Asiwe peke yake pia. Mwaka 1985 mchora katuni wa Marekani, Alison Bechdel, alichora mwanamke anayesema haendi kuangalia muvi mpaka itimize mambo matatu: iwe na wanawake angalau wawili, waongee wao kwa wao, na waongee kitu kingine zaidi ya mwanaume. Na muvi ya mwisho aliyoweza kuiangalia, anasema, ni hiyo hiyo Alien, maana wanawake wawili mle wanaongelea lile dude. Kile kipimo hakikwambii kazi ni nzuri, mbovu kibao zinapita, lakini ukifeli jiulize mbona dada yako hana mama, hana shoga, hana hata adui mwanamke wa kumkera.

Kama ni kitabu, tumia macho yake. Fundi cherehani akiingia chumbani anaona mshono wa pazia uliopinda, nesi anaona mishipa ya mkono wa anayemsalimia, kwa hiyo achana na ile sini ya kujitazama kwenye kioo akijielezea macho na midomo, hakuna mtu anajiangalia hivyo. Kwenye muvi huna mawazo yake, una mikono yake, basi mpe kazi ya kufanya wakati anaongea na acha mikono iseme tofauti na mdomo.

Mwisho wa hadithi ndo wengi wanampokonya usukani. Tulikua na usemi steringi hafi, lakini wako anaweza kufa, anaweza kushindwa, anaweza kupoteza kila kitu, alimradi asitokee mtu ukurasa wa mwisho akamalizia kwa niaba yake. Zawadi mimi bado sijamaliza. Nimemfikisha ofisini kwa bosi, mdogo wake kaitwa pia, na nimemwandika anainama taratibu kufungua kamba za kiatu.