Fundi sola, anza kuweka daftari la kazi

Mafundi sola wenzangu wa Kigoma, hasa nyie vijana mnaobeba paneli kwenye bodaboda kwenda Kasulu na Uvinza, anzeni kuweka daftari aisee. Kila ukifunga mtambo andika paneli ni wati ngapi, betri Ah ngapi (yaani ampia-saa, ukubwa wa betri), waya wa mm ngapi na huo waya umetembea mita ngapi, volti ulizopima saa sita mchana, halafu piga picha maungio kabla hujayafunika.

Mi nimekaa fundi wa mtaani miaka mingi, siku naitwa intavyuu ya usimamizi wakaniuliza umefanya nini, nikafungua tu daftari. Ukurasa wa duka moja pale Ujiji ndo uliwashika, betri za yule mama zilikuwa zinakufa kila baada ya miezi michache na kila fundi anamuuzia nyingine, mi nilikuwa nimepiga hesabu pembeni: betri ya 12V 100Ah ni 1,200Wh (wati-saa, umeme inaoweza kubeba), hizi za asidi usitumie kuvuka nusu zitakufa mapema, kwa hiyo ana 600 tu, na friji na tivi vinakula 900 usiku mmoja. Wakanihoji ukurasa huo huo karibu nusu saa, kazi nikapata.

Leseni ya kufunga umeme ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, nayo fuatilieni mapema, cheti cha ufundi cha VETA kikiwepo inakuwa rahisi kidogo. Ila daftari anza leo, hata la kaunta linatosha, ulifunge kwenye mfuko wa nailoni mvua isilikute njiani.